"Tofauti Muhimu" ni Tofauti Gani? Kuhusu Vipimo vya Takwimu katika Tafiti za Saikolojia na katika Tasnifu Zetu

Katika makala haya tunakusudia kuzungumzia sentensi moja tu. Wasomaji wa jarida hili wameshakutana nayo, na pengine baadhi yao wameshaiandika wenyewe: "Uchunguzi umedhihirisha kuwa kuna tofauti muhimu baina ya makundi haya mawili." Tunaikuta katika tasnifu za wanafunzi wa saikolojia na elimu wanaotuletea hojaji zao tuwatafsirie kwa Kiswahili. Kwa miaka ya karibuni tunaikuta pia katika tasnifu za wanafunzi wetu wenyewe, hasa wale wanaolinganisha Kiswahili cha vijana wa Buyenzi na kile cha wenzao waliokulia mikoani. Baada ya sentensi hiyo huja jedwali. Chini ya jedwali huja herufi p, alama ya "ndogo kuliko" na 0.05, kisha mwandishi huyo huvuka moja kwa moja hadi kwenye hitimisho. Msomaji anaachwa mlangoni akijiuliza: muhimu kwa nani, na kwa jambo gani?

Hatusemi haya kwa kuwadharau wenzetu wa saikolojia, wala hatujidai kuwa wanatakwimu. Lakini sentensi ni mali ya mwalimu wa lugha. Sentensi ambayo mwenyewe aliyeiandika hawezi kueleza inadai nini ni kosa la lugha kabla ya kuwa kosa la hesabu, na kwa hiyo tunayo haki ya kuihakiki.

Tuanze na chai. Mwaka 1935 Mwingereza Ronald Fisher alichapisha kitabu kuhusu namna ya kupanga majaribio, na ndani yake akaeleza habari ya mama mmoja aliyedai kuwa akionja chai ya maziwa anaweza kutambua ni kipi kilichotangulia kumiminwa kikombeni, maziwa au chai. Wengi wetu hapa, ambao chai ya Teza au ya Rwegura tunainywa bila maswali, tungecheka na kuendelea na mazungumzo. Fisher hakucheka. Alipendekeza vikombe 8, vinne vimetangulizwa maziwa na vinne vimetangulizwa chai, vichanganywe, naye mama aambiwe achague vile vinne vilivyotangulizwa maziwa. Njia za kuchagua vikombe 4 kati ya 8 ni 70, na moja tu kati ya hizo ndiyo sahihi kabisa. Basi mtu asiyejua lolote, anayebahatisha tu, atapatia vyote mara 1 kati ya 70, yaani asilimia 1.4 hivi. Akipatia vitatu na kukosa kimoja, mambo hubadilika sana: kupatia vitatu au zaidi kwa kubahatisha hutokea mara 17 kati ya 70, karibu robo nzima. Kwa hiyo tukimwona mama amepatia vyote tutasitasita kusema amebahatisha. Akikosa kimoja tu, hatuna la kusema.

Jaribio zima la kitakwimu limo ndani ya vikombe hivyo, na hata t na khi-mraba hufuata fikra hiyo hiyo. Tunajifanya kwanza kwamba hakuna kitu, kwamba mama hajui, kwamba madarasa mawili hayatofautiani. Hiyo ndiyo nadharia tete sufuri. Kisha tunauliza: kama kweli hakuna kitu, ni mara ngapi tungeona matokeo kama haya au makubwa zaidi? Jibu la swali hilo ndilo p. Haielezi chochote zaidi ya hapo. Haisemi mama ana kipaji kiasi gani, wala haisemi uwezekano wa kwamba alibahatisha.

Hili la mwisho ndilo linalowaponza wengi. Tumesoma katika tasnifu zaidi ya moja kwamba "kuna uwezekano wa asilimia 95 kuwa nadharia tete yetu ni ya kweli." Sentensi hii imegeuza kichwa kuwa miguu. Watu wengi wa Buyenzi huzungumza Kiswahili, lakini haifuati kwamba wazungumzaji wengi wa Kiswahili ni watu wa Buyenzi. Kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anauona upotofu huo mara moja akisikia habari za mtaa. Akisikia habari za p haoni. Uwezekano wa kuona matokeo haya iwapo hakuna kitu ni jambo moja. Uwezekano wa kwamba hakuna kitu, tukishayaona matokeo haya, ni jambo jingine, na jaribio halikulipima.

Je, hiyo 0.05 ilitoka wapi? Fisher huyo huyo, katika kitabu chake cha mwaka 1925, aliitaja kama mpaka unaofaa kwa kazi. Hakuishusha kutoka mlimani. Wengine wakaichukua, majarida yakaikubali, walimu wakaifundisha, na leo mwanafunzi wa Bujumbura hutetemeka anapopata 0.06 kama aliyeshindwa mtihani wa taifa kwa alama moja.

Sasa neno lenyewe. Tunaamini kwamba sehemu ya tatizo inatokana na tafsiri. Wanafunzi wetu husoma takwimu kwa Kifaransa, ambako wanakuta neno significatif, lenye uhusiano na ishara: kitu kinachoashiria jambo. Wakilileta kwa Kiswahili hulitafsiri kwa "muhimu", na papo hapo maana huhama. Ishara inaweza kuwa ya kitu kidogo kabisa. Moshi ni ishara ya moto, lakini haukuambii kama kinachoungua ni kibiriti au ni soko zima. "Muhimu", kwa msemaji wa Kiswahili, ni kitu chenye uzito, kisichopuuzwa. Wengine huandika "tofauti kubwa kitakwimu", na hilo ni baya zaidi, kwa kuwa jaribio halikusema lolote kuhusu ukubwa. Wengine wana "tofauti ya maana", "tofauti bayana", "umaanani". Sisi tungependelea kusema waziwazi: tofauti iliyovuka kizingiti cha sadfa. Ni ndefu, tunakubali, lakini msomaji anajua kilichovukwa.

Ili tuonyeshe kuwa hatugombani na neno bure, tuchukue mfano wa kubuni. Madarasa mawili yamefanya mtihani wa ufahamu wenye alama 20. La kwanza limepata wastani wa 12.4, la pili 11.9, na mtawanyiko wa alama (mkengeuko sanifu) ni 3 katika kila darasa. Tofauti ni nusu alama. Kama kila darasa lina wanafunzi 40, jaribio la t litatoa 0.75 hivi, ambayo haikaribii kizingiti. Sasa tuseme tumekusanya wanafunzi 400 kila upande, na wastani ni ule ule, mtawanyiko ule ule. Jaribio litatoa t ya 2.36 hivi, na p itakuwa kama 0.02. Nusu alama ile ile, ambayo hakuna mwalimu angebadilisha ufundishaji wake kwa ajili yake, imekuwa "muhimu". Kilichobadilika ni idadi ya karatasi tulizosahihisha. Hii ndiyo sababu tunawasihi wanafunzi waandike wastani, mtawanyiko na idadi kabla ya kuandika p, na wakiweza waseme pia tofauti hiyo inaweza kuwa ndogo kiasi gani na kubwa kiasi gani.

(Tukiwa kwenye t, tuondoe dhana moja inayotufurahisha kila mwaka. Jaribio hilo katika Kifaransa huitwa la Student, na wapo wanaodhani kuwa limepewa jina hilo kwa sababu ni jepesi, la wanafunzi. Student lilikuwa jina la kujificha la William Gosset, mtaalamu aliyefanya kazi katika kiwanda cha bia cha Guinness kule Dublin, aliyelichapisha mwaka 1908. Shida yake ilikuwa kama yetu: sampuli ndogo.)

Tuje kwenye tafiti zenyewe. Tumechagua mbili, moja ya jirani na moja ya nyumbani, kwa sababu zote zinahusu maumivu ya watu wa ukanda wetu na zote zimetumia vipimo tunavyovizungumzia.

Ya kwanza ilichapishwa mwaka 2003 katika jarida la chama cha madaktari wa Marekani. Paul Bolton na wenzake walikwenda katika wilaya za Rakai na Masaka, kusini-magharibi mwa Uganda, sehemu zilizokuwa zimeumizwa sana na UKIMWI. Walitaka kujua kama watu wenye sonona watapata nafuu kwa kukutana katika vikundi, dakika 90 kila wiki kwa wiki 16, wakiongozwa na wenyeji waliopata mafunzo ya wiki mbili. Vijiji 30 vilihusika, na kura ilipigwa kuamua vijiji gani vipate vikundi na vipi visubiri. Matokeo yalikuwa p iliyo ndogo kuliko 0.001. Msomaji mvivu angeishia hapo. Lakini utamu wa utafiti uko kwenye namba nyingine. Katika vijiji vilivyopata vikundi, alama za sonona zilishuka kwa wastani wa 17.47, katika vile vingine zilishuka kwa 3.55. Kabla ya kuanza, asilimia 86 ya waliopata vikundi walikuwa na sonona kali kwa vigezo vilivyotumika; baadaye walibaki asilimia 6.5. Hapo mtu anaelewa kilichotokea bila hata kuiona p.

Tutazame sasa upande ule mwingine, ambao wengi huuruka. Waliosubiri walianza na asilimia 94 na kumaliza na asilimia 54.7. Hawakupewa vikundi, na bado karibu watu 40 kati ya kila 100 walitoka katika hali ile. Si muujiza. Ukichagua watu kwa sababu leo wako chini kabisa, wengi wao watakuwa wamepanda kidogo ukiwapima miezi kadhaa baadaye, kwa kuwa hali ya binadamu hupanda na kushuka. Tunaomba walimu wenzetu wasome aya hii wakikumbuka tasnifu walizosimamia. Ni ngapi zilizo na mpango huu: pima wanafunzi dhaifu, wafundishe kwa mbinu mpya, wapime tena, fanya jaribio la t, tangaza ushindi? Kwa mpango huo, vijiji vya kusubiri vya Rakai na Masaka vingetangazwa kuwa vimeponywa na kusubiri. Hakuna p, hata iwe ndogo kama punje ya ulezi, inayoweza kuziba pengo la kundi la kulinganishia ambalo halikuwapo.

Kuna jambo jingine katika utafiti huo linalotuhusu sisi zaidi kuliko wanasaikolojia. Watafiti hawakuanza na hojaji, walianza na maneno. Waliwasikiliza wanavijiji wakitaja shida zao kwa lugha yao, na wakapata hali mbili zinazokaribiana na sonona, moja ikitajwa kwa neno lenye maana ya kujichukia na nyingine kwa neno la kujionea huruma. Ndipo wakarekebisha kipimo chao. Kwetu hapa mwanafunzi hutuletea hojaji iliyotungwa Ulaya siku mbili kabla ya kwenda nyanjani na kusema, "Mwalimu, naomba unisaidie kuitafsiri." Tumeshaona "moyo wako unauma?" kama tafsiri ya swali kuhusu huzuni. Mzee wa Bwiza atajibu ndiyo kwa sababu ana shinikizo la damu, jirani yake atajibu ndiyo kwa sababu amefiwa, na mtaa mzima utaingia kwenye jedwali ukiwa na sonona. Jaribio la khi-mraba litayahesabu majibu hayo yote kwa uaminifu mkubwa. Halijui Kiswahili.

Utafiti wa pili ni wa hapa Burundi, nao ulichapishwa mwaka 2014. Wietse Tol na wenzake walichunguza watoto 329 wa umri wa miaka 8 hadi 17 walioathiriwa na vita. Watoto 153 walikuwa katika shule zilizopewa vipindi 15 vya msaada wa kisaikolojia kwa muda wa wiki tano, na 176 katika shule zilizosubiri. Mpango huo ulikuwa umeshajaribiwa Indonesia, Nepal na Sri Lanka. Matokeo ya hapa: kwa watoto wote kwa jumla, hakuna athari iliyoonekana. Waandishi walilisema hilo waziwazi, na tunawapongeza, kwa maana si jepesi kuliandika baada ya kazi kubwa kama hiyo.

Lakini waliendelea. Waliwagawa watoto kwa umri, kwa ukubwa wa kaya, kwa kuishi na wazazi wote wawili au la, kwa makazi, na mengineyo, wakatafuta kama kuna kundi dogo lililonufaika. Wakapata tofauti nane: sita za heri na mbili za shari. Mathalani, watoto waliokuwa wakiishi na wazazi wote wawili walionekana kupungukiwa na dalili za kiwewe na huzuni. Kwa upande mwingine, kati ya watoto waliokuwa wakiishi kwenye ardhi yao ya asili au iliyonunuliwa karibuni, waliosubiri walionekana kupata matumaini zaidi, na waliopata vipindi walirudi nyuma.

Hapa uhakiki wetu unakuwa mkali kidogo. Ukirusha wavu mara nyingi ziwani utapata kitu, hata kama ni kandambili. Kwa kizingiti cha 0.05, jaribio moja kati ya 20 litavuka kwa sadfa tupu, na ukifanya majaribio 20 yasiyotegemeana mahali ambapo hakuna kitu kabisa, uwezekano wa kupata angalau "tofauti muhimu" moja ni asilimia 64. Ukipima mambo kadhaa ya mtoto na kuyavusha na sifa kadhaa za maisha yake, majaribio huongezeka upesi. Kwa hiyo zile nane tunazisoma kama maswali ya utafiti unaofuata, na tunashuku hata waandishi wenyewe hawatakataa. Hofu yetu iko kwa wanaonukuu. Tunamwona kwa macho ya mbele mwanafunzi akiandika kwamba "imethibitishwa nchini Burundi kuwa mpango huu huwafaa watoto wenye wazazi wote wawili", akiyaacha ya ardhi kwa kuwa yanaharibu hadithi, na akisahau kabisa sentensi ya kwanza. Kesho yake mkuu wa shule anaamua nani aingie darasani na nani aachwe nje, yatima wakiwa wa kwanza kuachwa.

Wala si kwamba jambo hili ni la Afrika. Mwaka 2015 kundi kubwa la watafiti lilitoa matokeo ya kurudia tafiti 100 za saikolojia zilizokuwa zimechapishwa katika majarida yenye sifa. Kati ya tafiti za awali, asilimia 97 zilikuwa zimevuka kizingiti. Ziliporudiwa zilivuka asilimia 36. Mwaka uliofuata chama cha wanatakwimu cha Marekani kilitoa tamko kuhusu matumizi mabaya ya p. Basi tusiwatwishe wanafunzi wetu aibu ambayo maprofesa wa nchi tajiri wanaigawana.

Nasi hatuko safi. Tulipoandika tasnifu yetu ya uzamili, katika nchi jirani, tulilinganisha wanafunzi wa shule mbili za sekondari za kusini mwa Burundi. Shule moja ilitumia kitabu fulani, nyingine haikukitumia. Tulipata tofauti iliyovuka kizingiti, tukaandika "muhimu", tukapewa shahada. Miaka ilipita kabla hatujakiri kwamba katika shule ya kwanza watoto wengi walikuwa wamerudi kutoka kambi za wakimbizi za Kigoma, ambako Kiswahili walikiokota uwanjani kabla ya kukiona kitabuni. Tulidhani tuna sampuli ya wanafunzi karibu themanini. Kwa swali tulilouliza tulikuwa na shule mbili, yaani moja dhidi ya moja, na jaribio la t halikuwa na njia ya kutuambia hivyo. Waganda walipiga kura kwa vijiji 30 na watafiti wa Burundi walipiga kura kwa shule kwa sababu hiyo hiyo: watu wanaokaa pamoja hufanana, na hawahesabiki kama watu waliookotwa mmoja mmoja.

Kilichotusukuma kuandika ni mwanafunzi mmoja tuliyemsimamia. Alilinganisha madarasa mawili, moja likifundishwa msamiati kwa hadithi na jingine kwa orodha, na akapata p ya 0.07. Alikuja ofisini uso umemshuka, akauliza kama anaweza kuwaondoa wanafunzi watatu ambao "hawakuwa makini", kwa kuwa alishajaribu na bila wao inakuwa 0.04. Tulikaa naye adhuhuri nzima. Hakuwaondoa. Aliandika kwamba waliofundishwa kwa hadithi walipata wastani wa juu zaidi, akataja tofauti yenyewe, akasema kuwa kwa madarasa mawili tu hawezi kuitenganisha mbinu na mwalimu wala kuiondoa sadfa, na akapendekeza kazi irudiwe katika shule nyingi zaidi. Siku ya utetezi mjumbe mmoja alimuuliza: "Kwa ufupi, binti, ni muhimu au si muhimu?" Akajibu kuwa jaribio halikuulizwa swali hilo. Alipunguziwa alama kwa kutokuwa na hitimisho.

Tasnifu yake iko maktabani. Tunawashauri wanaoanza kuandika mwaka huu waisome sura ya nne kabla ya kutuletea majedwali yao.